Difu iliyovunjika mara mbili: kisa cha Land Cruiser ya vitunguu

Gari lilifika gereji kwetu, eneo la Unga Limited, Arusha, Jumanne moja ya mwezi wa nne, likivutwa kwa mnyororo nyuma ya Fuso. Ni Land Cruiser pikapu, HZJ79, injini ya 1HZ ya cc 4,164, silinda sita, dizeli isiyo na tabo. Kazi yake ni moja tu: kutoa vitunguu Mang'ola, kule bondeni kando ya Ziwa Eyasi, kuvipandisha Karatu na kuvileta Arusha sokoni. Njia ya kutoka Karatu kushuka Mang'ola kiangazi ni vumbi na mawe, masika ni tope na makorongo yenye maji.

Kabla sijauliza lolote niliona jambo lililonivutia. Habu (vitovu vya magurudumu) zote mbili za nyuma zilikuwa zimezibwa kwa mifuko ya nailoni na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Dereva alikuwa amechomoa saidi shafti zote mbili, zile nondo zinazopeleka mzunguko kutoka difu hadi tairi, huko huko njiani, akazilaza kwenye bodi chini ya turubai. Kwenye ekseli ya gari hili uzito hubebwa na beringi za habu. Saidi shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ukizichomoa, tairi zinabaki mahali pake na gari linavutika hata kama difu, yaani lile fungu la gia katikati ya ekseli, imejaa vipande vya chuma. Angeziacha ndani, vile vipande vingesagana safari nzima na hata kasha la ekseli lingeharibika. Si kila dereva anayelijua hilo, na wachache wangekumbuka kuziba habu zisiingie mchanga. Nililiweka akilini, maana dakika chache baadaye nilikuwa namsikia kijana huyo huyo akishtakiwa kwa uzembe.

"Fundi, huyu kijana amenimaliza," mwenye gari alianza hata kabla ya kukaa. "Amekwama kwenye jiwe, akaachia klachi kwa nguvu, difu imepasuka. Fungua, halafu uniandikie kwenye karatasi kwamba kosa ni lake. Nitamkata kwenye mshahara mpaka iishe."

Dereva alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. "Shikamoo fundi," alisema kwanza. Nilipoitikia ndipo akaongeza kwa sauti ya chini: "Mzee, mimi sikuachia klachi. Ilikuwa inalia wiki mbili sasa, na nilikuambia."

Nilimwomba mzee anipe siku mbili. Karatasi nitaandika, nikamwambia, lakini nitaandika nitakachokiona ndani. Mshahara wa mtu si kitu cha kukata kwa kusikiliza mlio wa mara ya mwisho.

Historia

Difu hii haikuwa ya kwanza. Ile iliyotoka na gari ilikufa mwezi wa nane mwaka uliotangulia. Kwa maelezo yao ilianza kwa kuvuma kila gari likizidi kilomita 60 kwa saa, mvumo ukawa mlio, kisha beringi ya pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu) ikasagika na kula meno. Gereji nyingine iliwatafutia kichwa kizima cha difu, yaani kipande chenye gia zake zote, cha mtumba, wakafunga siku hiyo hiyo, gari likaondoka. Kutoka Agosti hadi Aprili ni miezi minane. Difu ya Land Cruiser yenye oili yake na iliyopimwa vizuri nimeiona ikienda miaka zaidi ya ishirini. Miezi minane ni ishara kwamba kitu fulani hakikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Nikamkalisha dereva peke yake kwenye benchi, nikampa chai, nikamwambia anieleze kila kitu kilichobadilika tangu Agosti, hata kama anaona hakihusiani. Hapo ndipo kesi ilipofunguka, kabla spana haijagusa nati.

La kwanza alilolitaja ni kilomita. Ana mazoea ya kurudisha mita ndogo kwenye sifuri kila anapoanza safari. Zamani kutoka stoo ya mzee hapa mjini hadi shambani ilikuwa ikisoma kama 200. Tangu Agosti inasoma 190, wakati mwingine 191. Alidhani mita imechoka.

La pili, gari limekuwa zito kidogo kupanda ukingo wa bonde pale Mto wa Mbu. Anashuka gia mapema kuliko zamani, na hapo ni tupu, linakwenda kuchukua mzigo.

La tatu lilinifanya niweke kikombe chini. Akiingiza fowili (gari livute kwa tairi zote nne) kwenye njia ya Mang'ola, mtarimbo wa fowili unagoma kutoka. Lazima arudi rivasi mita chache ndipo uachie, na unapoachia anasikia gari likigonga kwa chini. Pia tairi za mbele zinaliwa kwa haraka, uso wake ukipapaswa ni kama msumeno. Mzee alikuwa ameshazibadilisha mara moja akiamini ameuziwa tairi feki.

Mtu akiniambia mambo hayo matatu kwa pamoja, sihitaji kufungua difu kujua nianzie wapi. Nahitaji kuhesabu meno.

Kufungua

Gari tukaliinua kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi kwenye kasha la ekseli, mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Oili iliyotoka haikuwa oili. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito, na haikufika hata lita mbili wakati kasha hili huchukua zaidi kidogo ya lita tatu. Rangi hiyo ina maana moja: maji yameingia na kuchanganywa na oili mpaka yamekuwa kitu kimoja. Chini ya beseni kulikuwa na vipande vitatu vikubwa vya meno na ungaunga wa chuma mwingi.

Propela, ile shafti ndefu inayoleta mzunguko kwenye difu, ilitoka bila shida. Kabla ya kuteremsha kichwa nilishika flenji ya pinioni (kisahani inapofungwa propela) kwa mikono miwili na kuisukuma ndani na nje. Ilicheza. Pinioni haitakiwi kucheza hivyo hata kidogo. Beringi zake mbili hubanwa zikabanana, ili jino lisihame hata mzigo ukiwa mkubwa kiasi gani. Nati yake ilikuwa na alama za patasi na nyundo. Nikamuuliza dereva kama kuna mtu aliwahi kuigusa. Akakumbuka: mwezi wa kwanza oili ilikuwa ikivuja hapo mbele ya difu, fundi wa barabarani akabadilisha sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke), akakaza nati kwa kuigonga, wakaendelea na safari.

Kichwa cha difu hii si cha mtu mmoja kukipokea kifuani. Wawili wanapokea, wa tatu analegeza nati za mwisho. Kilipotua mezani tuliosha kwa dizeli na kuanza kusoma.

Pinioni ilikuwa na meno matatu yaliyovunjika. Kraunwili, gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni, ilikuwa imemeguka sehemu mbili na kukwaruzwa kote. Hapa wengi hutupa vipande kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kukimbilia dukani, na mimi nadhani ndipo kesi nyingi hupotelea. Chuma kilichovunjika kina uso, na ule uso husema kilivunjikaje. Kikivunjika kwa pigo moja, uso wote unakuwa na chembechembe za kung'aa kama sukari guru iliyopasuliwa. Kikivunjika kwa kuchoka, yaani ufa mdogo ulioanza na kusogea kidogo kidogo kila gari linapobeba mzigo, uso unakuwa laini na una mistari iliyopindana, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yakiwa yanakupwa. Mistari ile inaanzia pale ufa ulipozaliwa.

Meno mawili yalikuwa na sukari tupu. La tatu lilikuwa laini kwa karibu theluthi mbili ya uso wake, mistari ikianzia kwenye ncha ya nje ya jino, na sehemu iliyobaki tu ndiyo yenye chembechembe. Maana yake jino hili lilikuwa likikatika kwa muda mrefu, likabaki limeshikiliwa na theluthi moja, siku ile likaachia, na kipande chake kikaingia kati ya meno mengine na kuyavunja mawili kwa pigo moja. Hata kama dereva angeachia klachi kwa ulaini wa kupakua uji, jino lile lingekatika wiki ile au ijayo.

Nilimwita mzee nikamwonyesha vipande vyote vitatu juani. Nilimwachia kioo cha kukuzia akatazama mwenyewe. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza, "Sasa nani kalikata?"

Meno 43 na 11

Tuliwasha taa na kuhesabu. Kraunwili ilikuwa na meno 43, pinioni 11. Gawanya, unapata uwiano wa 3.909. Kisha tukainua mbele, tukafunga fri habu (vifungio vinavyounganisha tairi za mbele na difu yake), tukatia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela ya mbele, tukazungusha tairi zote mbili kwa pamoja mizunguko kumi. Propela ilizunguka mara 41. Mbele ni 4.1, meno 41 kwa 10, na herufi za ekseli kwenye bamba la gari zilipolinganishwa na kitabu zilithibitisha kwamba gari hili lilizaliwa na 4.1 mbele na nyuma.

Kichwa cha mtumba kilichofungwa Agosti kilitoka kwenye Land Cruiser ya aina nyingine. Kwa nje vinafanana kabisa: matundu yale yale, flenji ile ile, saidi shafti zinaingia bila tatizo. Hakuna kitu kitakachokukataza kukifunga isipokuwa wewe mwenyewe kuhesabu.

Hapo kila alichosema dereva kikaingia mahali pake. Mita ya gari hili husoma mzunguko unaotoka kwenye boksi la fowili. Zamani tairi likizunguka mara moja propela ilikuwa inazunguka mara 4.1, sasa inazunguka mara 3.909, kwa hiyo mita inaona safari ni fupi kwa karibu asilimia 5. Kilomita 200 zinasomeka 190 na ushee. Na kwa kuwa gia ya nyuma imekuwa ndefu, injini inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, ndiyo maana ule ukingo wa Mto wa Mbu umekuwa mgumu.

Kwa barabara ya lami, nyuma peke yake ndiko kunakosukuma, tofauti hii haivunji kitu. Kasheshe ni fowili. Land Cruiser za aina hii hazina difu ya katikati. Ukiingiza fowili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa zinazunguka sawasawa, zipende zisipende. Difu za 4.1 mbele na 3.909 nyuma zina maana kwamba tairi za mbele zikitaka kwenda mita 100, za nyuma zinataka kwenda karibu mita 105. Lakini ni gari moja, zinakwenda umbali mmoja. Zile mita tano lazima zilipwe na mtu: ama tairi liteleze, ama chuma kijipinde. Kwenye tope tairi linateleza, mambo yanaisha. Kwenye mwamba mkavu unaofuata baada ya tope, na vitunguu vimekandamiza nyuma, tairi za nyuma hazitelezi. Za mbele zinaburutwa, ndiyo sababu ya ule uso wa msumeno. Na difu ya nyuma inabeba nguvu yote ya injini pamoja na kazi ya kuiburuta mbele ambayo sasa imegeuka breki. Nguvu hiyo iliyojifunga ndani ndiyo iliyokuwa inaubana mtarimbo wa fowili usitoke, na ule mlio wa kugonga ni nguvu ikiachia ghafla.

Ndiyo maana pia ilivumilia kiangazi chote. Kuanzia Agosti hadi mvua zilipoanza, dereva hakuwa na haja ya fowili ila mara chache. Masika ilipoingia alikuwa anaiingiza kila safari.

Kipumulio

Ningeweza kuishia hapo. Uwiano usiolingana unatosha kuvunja difu. Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo uwiano hauyaelezi: maji kwenye oili, na ile sili iliyovuja mwezi wa kwanza. Na kulikuwa na swali la zamani zaidi ambalo hakuna aliyelijibu mwezi wa nane: difu ya kwanza, iliyotoka kiwandani na gari, ilikufa kwa nini?

Juu ya kasha la ekseli kuna kipumulio, kikofia kidogo cha chuma kisichozidi ncha ya kidole gumba. Kazi yake ni kuiachia difu ipumue. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa iliyomo inatanuka na lazima itoke. Ikipoa inavuta hewa. Nilipapasa kwa kidole nikakuta udongo mgumu kama tofali. Nilikitoa, nikajaribu kukipuliza kwa mdomo, hakikupitisha hata pumzi. Nikakitazama rangi na kutu na tabaka za udongo: hakijaguswa kwa miaka.

Kipumulio kikiziba, hewa moto inatafuta njia nyingine, na njia rahisi kuliko zote ni mdomo wa sili. Inaisukuma oili nje taratibu, mbele kwenye pinioni. Oili inapungua bila mtu kujua, maana nani anafungua tundu la difu kila wiki? Beringi ya pinioni ya mbele ndiyo iliyo mbali na bwawa la oili, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukauka. Inaanza kuvuma. Hivyo ndivyo ilivyokufa ile ya kwanza, na maelezo yao ya mvumo wa kilomita 60 yanalingana kabisa. Kisha upande wa pili wa jambo hilo hilo: difu ya moto ikiingia kwenye korongo lenye maji inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio hakiingizi hewa, basi sili inavuta maji. Hiyo ndiyo chai ya maziwa.

Kwa hiyo Agosti walibadilisha kilichovunjika na kuacha kilichokivunja kikiwa kimekaa pale pale, sentimita chache juu ya kichwa kipya. Januari sili ikavuja kwa sababu ile ile. Fundi wa barabarani akabadilisha sili, na katika kuibadilisha akakaza nati ya pinioni kwa nyundo. Ndani ya pinioni kuna bushi ya kubonyea ambayo hukazwa mara moja tu mpaka beringi zifikie ugumu wake. Ukilegeza nati na kuirudisha kwa kukisia, huna tena unachokipima. Beringi zikabaki na nafasi, pinioni ikawa inarudi nyuma kila mzigo unapokuja, na jino likawa linagusana kwa ncha yake ya nje badala ya katikati. Pale pale ulipozaliwa ufa.

Kuhusu mzigo

Gereji iliyofunga kichwa cha Agosti, mzee alipowapigia simu, walisema ni lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Sitaki kulipita hili haraka kwa sababu lina ukweli ndani yake. Siku ile gari lilikuwa na magunia 14 ya vitunguu yaliyoshonwa juu kwa nyavu, kila moja zaidi ya kilo 100. Hiyo ni zaidi ya tani moja na kilo mia nne kwenye gari ambalo limeundwa kubeba tani moja hivi. Wakala wa Vipimo wanaikataza lumbesa kwa sababu ya kumwibia mkulima, na mimi naichukia kwa sababu hiyo hiyo kwanza kabla ya kufikiria magari. Nilimwambia mzee hivyo.

Lakini lumbesa haikuanza Agosti. Gari hili lilibeba mzigo huo huo kwa miaka likiwa na difu yake ya asili na meno hayakukatika; kilichokufa ni beringi, kwa kukosa oili. Mzigo uliongeza kasi ya ufa. Haukuuzaa. Fundi anayesema "lumbesa" bila kuhesabu meno amejitafutia jibu ambalo halimgusi.

Nikaandika karatasi kama nilivyoahidi. Uwiano wa nyuma haulingani na wa mbele. Nati ya pinioni ilikazwa bila kipimo. Kipumulio kimeziba tangu kabla ya matengenezo ya kwanza. Mzigo umezidi. Jino lilianza kukatika muda mrefu kabla ya siku ya ajali, na dereva alitoa taarifa ya mlio wiki mbili kabla. Hilo la mwisho mzee alilikubali mwenyewe, alikuwa amemwambia "malizia msimu kwanza." Alisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaweka mfukoni. Mshahara haukukatwa. Dereva alibaki gereji siku zote nne za kazi, akishika taa na kuosha vyuma.

Matengenezo

Tulikuwa na njia mbili. Kutafuta kichwa kingine cha mtumba chenye 41 kwa 10, au kununua kraunwili na pinioni mpya na kuziunda ndani ya kichwa tulichonacho, ambacho kasha lake na gia zake ndogo za kati vilikuwa vizima. Mtumba ungekuwa rahisi kwa zaidi ya nusu. Nilimshauri achukue mpya, kwa sababu mtumba hauji na historia yake, na mzee alikuwa ameshalipa bei ya historia asiyoijua mara moja. Tulipopata seti dukani nilifungua boksi hapo hapo kaunta na kulinganisha namba iliyochorwa kwenye pinioni na ile ya kraunwili. Hizi husagwa pamoja kiwandani, ni mke na mume. Ukipewa mbili zenye namba tofauti, rudisha.

Usafi ulichukua siku nzima. Kasha la ekseli lina mirija miwili mirefu, na unga wa chuma hupenda kulala mwisho wake. Tulipitisha matambara yenye dizeli, kisha sumaku iliyofungwa kwenye mtarimbo, mara nyingi mpaka sumaku irudi safi. Beringi za habu zilifunguliwa, zikaoshwa, zikajazwa grisi mpya na sili mpya.

Kraunwili hukaa kwenye kasha lake kwa kubana. Haigongwi. Tuliichemsha kwenye sufuria la maji, ikatanuka, ikateremka yenyewe kwa mikono yenye glovu. Bolti zikakazwa kwa kuvukisha, upande huu kisha wa pili, kwa toki renchi. Beringi mpya za pinioni na za pembeni zikaingia kwa presi.

Kisha kazi yenyewe. Pinioni tuliifunga kwanza bila bushi ya kubonyea na bila sili, kwa majaribio tu, tukianza na shimu (pete nyembamba ya kujazia) ya unene ule ule uliokuwepo. Saa ya kupimia ikawekwa kwenye jino la kraunwili. Plei, yaani nafasi ya kucheza kati ya meno, ya difu hii inatakiwa iwe kati ya 0.15 na 0.20 ya milimita. Sisi tulipata 0.27. Zipo nati mbili za pembeni za kuisogeza kraunwili. Ukilegeza ya upande mmoja unakaza ya upande wa pili kwa kiasi kile kile, ili ibaki imebanwa vile vile lakini imesogea karibu na pinioni. Tulifika 0.17 na tukapima sehemu nne za duara.

Plei peke yake haitoshi, na hapa ndipo haraka huharibu. Nilipaka rangi meno manne sehemu tatu za kraunwili, msaidizi akaibana kwa kipande cha mti ili izunguke kwa ugumu, nikazungusha pinioni mbele na nyuma. Rangi ilifutika juu, karibu na kilele cha jino. Hiyo inaonyesha pinioni iko mbali mno na kraunwili. Tulifungua, tukang'oa beringi ya nyuma ya pinioni, tukaweka shimu nene zaidi kwa sehemu chache za mia za milimita, tukarudi mwanzo: plei, rangi, kuzungusha. Mara ya pili alama ilishuka lakini ikawa imeelemea ndani kidogo. Mara ya tatu ilikaa katikati ya jino, imetulia, pande zote mbili za kwenda mbele na kurudi nyuma. Ilikuwa saa moja usiku. Nilimwambia dereva aitazame vizuri alama ile, maana ndiyo tofauti ya difu ya miezi minane na difu ya miaka.

Ndipo ikaja bushi na sili. Nati unaikaza kidogo, unapima ugumu wa kuzunguka, unakaza tena kidogo, unapima. Sindano inakaa chini muda mrefu halafu inapanda ghafla. Mara ya kwanza msaidizi wangu alivuka. Ukivuka hurudi nyuma kwa kulegeza nati; hilo ndilo kosa lile lile la Januari. Tulifungua, tukatupa bushi, tukaweka nyingine, tukafika palipotakiwa.

Kipumulio kipya hatukukiweka pale chini penye udongo. Tulifunga mpira wa mafuta kwenye tundu lake, tukaupandisha kando ya chesisi hadi nyuma ya taa, juu kuliko maji ya korongo lolote ambalo gari hilo litathubutu kuingia, na kofia yake ikaelekea chini. Katika matengenezo yote hiyo ndiyo sehemu iliyogharimu fedha kidogo kuliko zote.

Oili ni ya GL-5, 85W-90, imejazwa mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa. Tuliliendesha taratibu kama dakika ishirini, tukalisimamisha mpaka likapoa kabisa, tukarudia. Kilomita 500 za kwanza zilikuwa bila mzigo. Mzee alilalamika, msimu ulikuwa unamkimbia, lakini alikubali. Zilipoisha tulimwaga oili: nyeusi kidogo, na vumbi laini la fedha kwenye sumaku, kama inavyotakiwa kwa meno mapya. Hakukuwa na hata kipande kimoja. Flenji ya pinioni haikucheza. Mita ya dereva ilisoma 200 hadi shambani.

Kimebaki cha mbele. Difu ya mbele ilikuwa ikiburutwa kwa miezi ile yote, meno yake yakipigwa kwa upande wa kurudi nyuma, upande ambao kwa kawaida haubebi mzigo mkubwa. Nilimwaga oili yake: safi, isipokuwa sumaku ilikuwa na unga zaidi ya nilivyotarajia. Tumebadilisha oili, tumezibua kipumulio chake pia na kukifunga mpira, na tumekubaliana gari lirudi vitunguu vikiisha nikifungue kichwa cha mbele niitazame kraunwili kwa macho. Hadi wakati huo dereva ana maelekezo: fowili kwenye tope tu, na mtarimbo ukigoma kutoka hata mara moja, anipigie kabla ya kurudi rivasi.